Saa Tatu ya Mzee Nurdin

Mwezi uliopita Bi Gulbanu alinipigia simu kunieleza kwamba wameuza nyumba ya Downsview, hapa Toronto. Wanahamia kwa binti yao, ghorofani, na huko hakuna chumba ambacho mume wake, Mzee Nurdin, anaweza kuchezea baruti. "Njoo uchukue meza yako," akasema. Nilimwambia meza ile si yangu, ni ya mzee. Akacheka kidogo, akasema Mzee Nurdin mwenyewe ndiye anayeiita hivyo. Basi nikaenda. Nilikuwa sijashuka kwenye besmenti ile, vile vyumba vya chini ya nyumba, kwa miaka mingi, na nilipofungua mlango wa chini pua yangu ilikumbuka kabla ya kichwa: mafuta ya mashine, shaba iliyosuguliwa, na kitunguu cha kukaanga kikishuka kutoka jikoni kupitia tundu la hewa ya joto. Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho. Ukiwauliza watu ni mwaka gani uliowafanya wawe walivyo, watakutajia mwaka wa harusi, au wa kuzaa, au wa kufiwa. Wangu ni mwaka 2009, na sehemu yake kubwa niliimaliza pale, juu ya stuli isiyo na mgongo, nikipima baruti ili muuza mazulia mmoja aweze kulala usingizi wake.

Nilikuwa mpangaji wao, kwenye chumba cha hukohuko chini. Nyumbani Dar es Salaam nilikuwa mfamasia kamili, mwenye koti jeupe na funguo za stoo, lakini Toronto karatasi zangu hazikunifikisha mbali mpaka nifanye mitihani yao upya. Ule wa kuandika nilifaulu. Ule wa vitendo, masika ya mwaka ule, ulinishinda, na namna ulivyonishinda ndiyo iliyoniumiza. Unapitishwa chumba baada ya chumba, kila chumba kina mtu anayejifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na kengele ikilia unatoka, umemaliza hujamaliza. Kwenye chumba kimojawapo nilitakiwa kupiga hesabu ya dozi ya mtoto. Nikapiga. Nikaona nihakikishe, nikapiga tena. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba ya pili ndiyo niliyokosea, nikapiga tena, na yule mama wa kuigiza akawa ananitazama kwa huruma ambayo sidhani ilikuwa ya kuigiza. Kengele ikalia nikiwa bado nimeinamia karatasi. Baadaye niliambiwa jibu langu la kwanza lilikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo nilianza kuushuku mkono wangu. Nilifunga mlango nikarudi kuutikisa, nilizima jiko nikarudi kulitazama. Kazini, kwenye ghala la vipuri vya magari lililokuwa ng'ambo ya barabara, msimamizi aliniuliza kwa nini nafungua maboksi niliyokwisha kuyafunga mwenyewe. Mtihani ungerudiwa Novemba, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa mwisho wa Septemba. Bosi wangu wa zamani alikwisha nitumia ujumbe kwamba nafasi yangu Dar bado ipo. Nilikuwa naelekea kurudi, ila sikuwa nimelitamka.

Mzee Nurdin alizaliwa Dodoma, akaja Toronto akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na alipofika umri niliomkuta nao, karibu na sitini, alikuwa na duka la mazulia, tumbo la heshima, na mdomo usiochoka. Angeweza kukusimulia habari ya kucha iliyovunjika mpaka chai ikapoa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisimulia. Nililisikia vipandevipande kupitia tundu lile la hewa, wakizungumza na mkewe Kikachi, lugha ya wazee wao waliotoka India, na katikati ya Kikachi chao neno moja la Kiswahili likijirudia: kulungu. Bi Gulbanu ndiye aliyenieleza siku moja tukichambua mchele. Msimu uliopita wa kuwinda, mumewe alimpiga kulungu kwa risasi za kununua dukani. Risasi ikaenda pembeni, ikamwingia mnyama tumboni. Kulungu akakimbilia kwenye kinamasi, na mzee akafuata damu mpaka damu ikaisha, akazunguka mpaka wenzake wakaja kumshika mkono. Hawakumpata. Tangu arudi hakula tena nyama, hata kuku. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba atatengeneza risasi zake mwenyewe, azijaribu mpaka aziamini, na kama kufikia msimu mwingine hajaziamini, bunduki itauzwa. "Nilidhani ni maneno," Bi Gulbanu akaniambia, "mpaka nilipoona sahani yake."

Mashine ya kufulia ilikuwa besmenti, hatua chache kutoka kwenye meza yake, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo yake, nikiwa na kapu la nguo. Ilikuwa Jumapili. Alikuwa amepanga maganda ya shaba kwenye kibao chenye matundu, akiyajaza baruti moja baada ya jingine kwa faneli ndogo, na huku akinisimulia jinsi mteja wa Regent Park alivyorudisha zulia kwa sababu paka wake hakulipenda. Nilimsikiliza, lakini macho yangu, yaliyozoea kuhesabu vidonge, yalikuwa kwenye kibao. Nikamwambia, "Mzee, hilo umeshalijaza." Alisimama na faneli mkononi. Akamulika ndani ya ganda kwa tochi, akaona kweli lina baruti, na uso wake ukabadilika, kwa kuwa ganda lililojazwa mara mbili linaweza kumpasulia mtu bunduki usoni. Aliliweka chini polepole. Akaniuliza nilisomea nini. Nikamjibu. Aliinuka kwenye stuli yake, akaifuta kwa kiganja, akanionyesha nikae.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Ganda la shaba likishapigwa mara moja linasafishwa, linabanwa kwenye mashine lirudie umbo lake, linawekwa fataki mpya kwenye kitako, linatiwa baruti iliyopimwa, na juu kabisa linakalishwa kichwa cha risasi. Kila bunduki ina tabia zake. Ukiongeza baruti kidogo sana, risasi zinatawanyika au zinashikana, na hakuna anayejua kipimo ambacho bunduki yako inakipenda mpaka ukijaribu, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, bila kuvuka mpaka uliowekwa na kitabu. Kipimo chao kinaitwa punje, uzito mdogo kabisa, na nilipolisikia neno hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndicho kipimo cha vitabu vya kale vya ufamasia, tulichofundishwa chuoni kwa heshima ya marehemu na kusahau kesho yake. Nikaona kama nimekutana na mtu wa kwetu. Mizani ya Mzee Nurdin ilikuwa ya mkono, yenye ulimi unaopanda na kushuka taratibu kabla ya kutulia. Tuliwekeana sheria moja tu: kisahani kikiwa kwenye mizani, hakuna kuzungumza. Maskini aliteseka. Alikuwa akiibana midomo yake kwa vidole viwili, akinitazama, na kisahani kikitoka tu hadithi inaendelea pale ilipokatikia.

Nilikaa pale Jumapili zote za masika na kiangazi, na sikujua kwanza kilichonivuta. Bi Gulbanu alikuwa akituteremshia sinia: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kachori, chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi hadi ikawasha koo. Alikaa nasi kidogo, akimlalamikia mumewe kwamba amemgeuza mpangaji kuwa kibarua, kisha yeye mwenyewe akashika maganda na kuyang'arisha kwa kitambaa cha jikoni. Wajukuu wakija, walisimama mlangoni wakauliza kwa Kiingereza babu anafanya nini, babu akawajibu kwa Kiswahili, nao wakaendelea kwa Kiingereza, na wote wakaelewana vizuri tu. Nilichokigundua mimi ni kwamba mizani ikitulia, nilikuwa naiamini. Kila kipimo nilikipima mara moja na kumwaga. Sikuwa na mahali pengine popote mwaka ule nilipoweza kufanya jambo mara moja na kuliacha. Ndipo nikaweka ahadi ya kitoto moyoni, ambayo sikumwambia mtu: risasi hizi zikitulia kabla ya mwisho wa Septemba, nitajiandikisha. Zisipotulia, nitanunua tiketi nirudi Dar. Leo nikiifikiria naona haya, mtu mzima mwenye digrii kutundika maisha yake kwenye karatasi ya shabaha, lakini wakati ule sikuwa na kitu kingine cha kuyatundikia.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya jiji, upande wa kaskazini, baada ya mashamba ya mahindi. Kuna kibanda kirefu kisicho na ukuta wa mbele, meza za saruji, mifuko ya mchanga ya kulazia bunduki, na mbali kule, yadi mia moja, karatasi zenye duara jeusi. Mzee Nurdin alikuwa na leseni zote, mimi nilikuwa mgeni wake, na kazi yangu ilikuwa kumpa risasi kwa mpangilio na kuhakikisha hazichanganyiki. Alisema Bismillahi kimoyomoyo kabla ya kila mlio, nilimwona midomo. Katika miezi hiyo hakujali risasi zinaangukia wapi kwenye karatasi. "Kwanza zishikane," alisema, "mambo ya kuzipeleka zinapotakiwa tutayafanya baadaye." Kila baada ya muda msimamizi alisimamisha milio, watu wote wakaweka bunduki chini, nasi tukatembea kwenda kutazama. Mei matundu yalitawanyika ukubwa wa chapati. Juni yakasogeleana, kisha tukaongeza baruti punje kidogo yakatawanyika tena, tukarudi nyuma. Kwenye joto la Julai mzee alivua shati akabaki na fulana, akaungua mabega. Agosti, kipimo kimoja tulichokaribia kukiruka kilitoa matundu matatu ambayo Mzee Nurdin aliyafunika yote kwa kifuniko cha soda. Akakiondoa, akayatazama, akakirudisha. Siku tatu baadaye tukajaribu kipimo kilekile, matundu yakawa vilevile. Kurudi nyumbani alinyamaza njia nzima, na Bi Gulbanu alipofungua mlango na kuuona ukimya ule aliuliza nani amekufa.

Basi ikabaki kazi rahisi. Wiki ya pili ya Septemba alikuwa na shughuli nyingi dukani, akaniachia meza, na kwa mara ya kwanza nikapima peke yangu boksi zima la risasi za kuwindia. Jumamosi tukaenda kusawazisha darubini ya bunduki, yaani kugeuza vitasa vyake viwili mpaka mahali macho yanapolenga pawe ndipo risasi inapofika. Siku hiyo uwanja ulifurika, kila mwindaji wa mkoa amekumbuka bunduki yake, na msimamizi alikuwa hasimamishi milio ila kwa nadra. Haikuwezekana kwenda kutazama karatasi kila baada ya mlio. Mzee Nurdin akanipa darubini kubwa ya miguu mitatu, akaniambia nitazame mimi, nimtajie risasi imeingia upande gani wa duara. "Nitajie kama mshale wa saa," akasema, "na utaje kwa Kiswahili, hawa majirani wasijue biashara yetu." Nilifurahi kupewa kazi hiyo. Akapiga. Nikaona tundu upande wa kushoto, safi kabisa, nikamwambia, "Saa tatu, vidole viwili." Akageuza kitasa, akapiga. Tundu likaenda kushoto zaidi. "Saa tatu, vidole vinne." Akanitazama, akageuza tena kwa nguvu zaidi, akapiga. Lilikuwa ukingoni mwa karatasi. Nikamwambia saa tatu, mbali sana. Ile ya nne sikuiona kabisa. Mvua ikaanza kunyesha kwa mshazari mpaka ndani ya kibanda, na Mzee Nurdin akaanza kufungasha vitu bila kungoja kwenda kuichukua karatasi. Tungeisubiri, tungejiokolea wiki moja ya mateso. Tulikuwa tumeshafika barabara kuu ndipo alipouliza, macho mbele, kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko angefoka: "Zile ulipima peke yako, siyo?"

Nilimjibu ndiyo. Nilipofika chini nilifunga mlango, nikachukua nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi, nikaing'oa ya kwanza, nikamwaga baruti yake kwenye kisahani, nikapima. Ilikuwa sawasawa. Nikang'oa ya pili, sawasawa. Ya tatu hivyohivyo. Mtu mwenye akili angeishia hapo akapanda ngazi na kusema, mimi sikukosea. Mimi niling'oa mpaka boksi likaisha, na punje zilipozidi kunipa jibu lilelile, badala ya kutulia nikaanza kuishuku mizani, kisha macho yangu, kisha mwanga wa taa. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba kile cha mtihani, na safari hii hapakuwa na kengele ya kunitoa. Kupitia tundu la hewa niliwasikia juu. Bi Gulbanu alikuwa akiuliza kitu kwa Kikachi, mumewe akijibu kwa neno moja moja, na nikasikia jina langu. Sijui walisema nini. Nilijua tu kwamba mambo yamekwisha, kwamba mzee atauza bunduki na mimi nitanunua tiketi, na nilihuzunika zaidi kwa ajili yake. Wiki nzima tulipishana uani kama watu wasiojuana, tukisalimiana kwa adabu nyingi.

Ijumaa alisimama nje ya mlango wangu, akakohoa, akasema, "Jumapili njoo ule na sisi. Saa saba." Nilielewa kwamba anataka kuniambia jambo, na mimi nilikuwa na langu la kumwambia. Jumapili nikavaa kitenge changu kizuri, nikabeba keki ya ndizi niliyoioka, na saa saba kamili, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani, nikabisha hodi. Bi Gulbanu alifungua akiwa na gauni la kushindia na mikono imejaa unga. Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Akasema nimependeza, akauliza naenda wapi. Nikamwambia nimekuja kula, mzee aliniambia saa saba. Mzee Nurdin akaitikia kutoka sebuleni, bila kuinuka, kwamba ni kweli, saa saba, jioni.

"Jioni hakuna saa saba, Nurdin," mkewe akasema. "Saa saba ni mchana. Jioni ni saa moja."

"Mimi nilimwambia seven."

"Ulimwambia saa saba. Miaka yote hii bado unatafsiri." Akanigeukia, akaanza kunieleza kwamba mume wake alikula chakula cha mchana saa saba Dodoma utoto wake wote, kisha akaja huku akajifunza saa upya kwa Kiingereza, na tangu hapo akitaja saa kwa Kiswahili lazima umhurumie. Nilikuwa simsikii tena. Nilibaki nimesimama pale mlangoni na keki yangu. Nikaiweka keki juu ya friza, nikaingia jikoni, nikatoa sahani nyeupe kwenye kichanja, nikaipeleka sebuleni na kuiweka juu ya meza mbele ya Mzee Nurdin.

"Mzee, hii ni shabaha," nikasema. "Nikikwambia saa tatu, risasi imeingia wapi?"

Bila kufikiri aliweka kidole upande wa kulia wa sahani. Nami nikaweka changu upande wa kushoto, pale mkono wa saa unapoelekea saa tatu ya asubuhi inapofika. Bi Gulbanu alikuja na unga wake akavitazama vidole viwili. Mzee Nurdin aliuliza taratibu, na saa sita je. Nikagusa juu, yeye akagusa chini. Alijifunza kulenga hapa hapa Canada, kwa Kiingereza, na alipotaka nimtajie kwa Kiswahili alibadilisha majina tu, tatu yao ikawa tatu yetu, na kila namba aliyokuwa nayo ilikuwa kinyume kabisa cha yangu. Nilipomwambia imeenda kushoto yeye alisikia kulia, akaisukuma kushoto zaidi. Ningeendelea kumsaidia, risasi ingetoka nje ya uwanja ikatafute ng'ombe wa watu. Akaanza kucheka bila sauti, tumbo likitikisika, mpaka machozi yakamtoka, na Bi Gulbanu naye akacheka akajipaka unga usoni. Mimi sikucheka.

Aliponyamaza alijifuta macho, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nilikushuku, binti," akasema. "Mkono wako ulikuwa sawa tangu mwanzo."

Nililia palepale, mbele yao, kilio cha aibu chenye kwikwi. Bi Gulbanu alinikalisha, hakuuliza kitu, akanipakulia kichri ya jana, wali uliopikwa pamoja na choroko, na mtindi na achari ya maembe, nami nikala huku nalia, na chakula cha jioni nilichoalikwa kililiwa mchana kikiwa kiporo. Nimewaza mara nyingi tangu wakati ule kwa nini maneno yale yaliniingia hivyo, wakati waliosimamia mtihani waliniambia hayohayo na yakaniumiza. Nadhani ni kwa sababu pale sebuleni niliona kwa macho yangu mahali kosa lilipokaa. Halikuwa mkononi mwangu, wala kwenye jicho la Mzee Nurdin. Lilikaa hewani kati yetu sisi wawili, kila mmoja akisema kweli kwa saa yake, na kila mmoja, badala ya kumuuliza mwenzake, akaenda kujikagua peke yake au kumkagua mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia naondoka. Sikumwambia. Yeye pia baadaye alikiri kwamba alitaka kuniarifu kuwa bunduki imepata mnunuzi.

Tulizipima upya risasi zote, nikapima mimi, mara moja kila moja, na yeye akibana midomo. Jumamosi iliyofuata nilimshauri nitumie kulia na kushoto, akakataa katakata. Alitaka saa, tena ya Dodoma. Akarudisha kitasa kilipokuwa mwanzo, akapiga, nikamwambia saa tatu, na kabla ya kugusa kitasa alijigusa shavu la kushoto ahakikishe, jirani yetu akadhani anaumwa jino. Akageuza. Iliyofuata iliingia katikati. Akapiga nyingine mbili bila kugeuza kitu, nami kwenye darubini nikaona tundu moja tu likiwa kubwa na lenye kingo mbaya. Nilimwambia zimekaa. Alivua mipira ya kuzibia masikio, akaiweka juu ya meza, akasema, "Sasa naweza kwenda." Jioni ile ile nilifungua kompyuta nikajiandikisha, na nilipobonyeza nikaifunga palepale, nikaenda kufua.

Mtihani uliangukia Jumamosi ileile ya kwanza ya kuwinda, kwa hiyo sikwenda naye kaskazini kama tulivyokuwa tumepanga. Alfajiri nilimsikia akipanda na kushuka ngazi, akamwambia mkewe kwaheri mara nne. Mimi nilipanda treni na kalamu zangu. Kwenye chumba cha tano nilimkuta mama wa kuigiza, mwingine, akiwa na mtoto wa kuigiza mwenye homa. Nikapiga hesabu ya dozi. Nikasikia mkono unataka kurudi juu ya karatasi, ule ugonjwa wangu wa zamani, na nikauona ulimi wa mizani ukishuka na kutulia. Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza yule mama dawa kiasi gani, mara ngapi kwa siku, na dalili zipi zikitokea amkimbize mtoto hospitali, nikamuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa, na tukabaki tukitazamana kwa sababu kengele ilikuwa bado. Nadhani alikuwa na umri wangu. Alinitabasamia kidogo.

Nilikuwa natoka kituo cha Downsview, upepo unakata masikio, simu ilipolia. Mzee Nurdin alikuwa kwenye kituo cha mafuta huko kaskazini, mahali pa kwanza simu iliposhika. Alisema, "Moja." Nikangoja, nikijua kwamba hawezi kuishia hapo. Kisha akaniambia kwamba kulungu alisimama ubavu, yeye akasubiri mpaka akasimama vizuri, na baada ya mlio mnyama alipiga hatua mbili akalala. Alipomfikia alikuwa ameshatulia. "Hakuteseka, Neema," akasema. Nilimwambia nimesikia. Kwa nyuma malori yalikuwa yakipita. Baadaye akauliza, na wewe je. Nikamwambia nilihesabu mara moja nikaweka kalamu chini. Hakuuliza kama nimefaulu. Alisema atamwambia mkewe aandae sufuria kubwa.

Tulikula nyama ile majira yote ya baridi, na yeye ndiye aliyekula zaidi. Majibu yalikuja baada ya mwaka mpya, kwenye bahasha nyembamba, na watu walikwisha niambia kwamba nyembamba ni dalili mbaya. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka ghalani na njaa. Niliiweka juu ya meza, nikasonga ugali wangu, nikala mpaka nikashiba, nikaosha mikono. Ndipo nikaifungua. Nilisoma mara moja tu kwamba nimefaulu, nikaikunja karatasi, nikapanda ngazi kwenda kuwaambia.